Kuhamisha barua pepe za ofisi kwenye simu: kutoka POP3 kwenda IMAP na ActiveSync

Ofisi nyingi za Mwanza, kuanzia viwanda vya minofu ya sangara hadi mawakala wa mizigo na shule binafsi za Nyakato, zilifunguliwa akaunti za barua pepe enzi ambazo kila mtu alikuwa na kompyuta moja mezani. Fundi aliweka POP3, njia ya kushusha barua kwenye kifaa kimoja, barua zikawa zinashuka kwenye mashine ile, kazi ikaenda. Simu zilipokuja, POP3 hiyo hiyo ikaongezwa kwenye simu, na kwa wengi ndivyo ilivyo mpaka leo. Barua ikisomwa kwenye simu, kompyuta haina habari. Ikijibiwa kwenye kompyuta, simu haina jibu. Simu ikidumbukia ziwani, barua za miaka miwili zimezama nayo.

Mwongozo huu ni wa kuitoa simu kwenye POP3, au kwenye mtindo wa zamani wa kuingia kwa jina na nenosiri peke yake, na kuipeleka kwenye IMAP au Exchange ActiveSync, njia mbili zinazoiacha barua kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza barua. Kujaza mipangilio mipya ni kazi ya dakika chache kwa kila simu. Kinachowaumiza watu ni barua ambazo hazipo popote isipokuwa ndani ya simu moja, na kifaa kimoja kilichosahaulika ambacho kinaendelea kuvuta barua kimyakimya. Ndiyo maana maelezo mengi hapa yanahusu hayo mawili.

Ipi inakufaa

POP3 inayotumika leo ilisanifiwa mwaka 1996. Inafanya jambo moja: inachukua barua kwenye seva na kuishusha kwenye kifaa, kisha, kama hujaizuia, inaifuta kule ilikotoka. Haijui folda, haijui barua ipi imesomwa, na barua unazotuma haizipeleki popote. IMAP huiacha barua kwenye seva, na alama za imesomwa, imejibiwa au imefutwa hukaa huko huko, kwa hiyo vifaa vyote vinaona kitu kimoja. ActiveSync ya Microsoft inafanya kazi hiyo hiyo na kuongeza kalenda, anwani za watu na majukumu katika akaunti moja, na yote hupita poti 443, ile ile ya tovuti za kawaida.

Uchaguzi hauko mikononi mwako sana. Unategemea mahali kikoa chako, yaani sehemu ya anwani inayofuata @, kinapohifadhiwa:

Kama ni .co.tz, .or.tz au .ac.tz iliyo kwenye seva ya kukodi yenye cPanel (paneli ya kusimamia seva kupitia kivinjari), nenda IMAP.

Kama ni Google Workspace, tumia programu ya Gmail yenyewe, kwenye Android na kwenye iPhone. Usihangaike kujaza IMAP kwa mkono.

Kama ni Microsoft 365, tumia programu ya Outlook, au programu ya Mail ya iPhone kwa kuchagua akaunti ya aina ya Exchange.

Kwa hao wawili wa mwisho, kuna tarehe ambazo zinaeleza matatizo mengi yanayoletwa mezani kwa mafundi. Google ilifunga njia ya kuingia kwa nenosiri tupu kwenye akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuizima kwenye akaunti za kazi tarehe 1 Oktoba 2022, na kwenye akaunti binafsi za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Basi ukiona simu inakataa nenosiri ambalo kwenye kivinjari linakubali, acha kulibadilisha kila siku. Nenosiri halina kosa. Programu ndiyo iliyopitwa na wakati. Programu inayofaa itakufungulia ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe uingie huko, kisha ipewe tokeni, yaani kibali cha kuingia badala ya nenosiri. Nenosiri lako hailioni kabisa.

Tarehe nyingine mbili. Microsoft ilitangaza kwamba kuanzia 1 Machi 2026 Exchange Online, huduma ya barua ya Microsoft 365, haipokei tena vifaa vinavyotumia ActiveSync chini ya toleo la 16.1. iPhone zenye iOS 10 na kuendelea ziko salama. Wanaokwama ni wenye simu za Android za zamani wanaotumia programu ya barua iliyokuja na simu. Hao wawekee Outlook. Na wale waliokuwa wanavuta barua za kikoa chao kuingia Gmail ya bure kwa POP3, Google ilitangaza kuwa huduma hiyo inaondolewa kuanzia Januari 2026. Kwa maduka na ofisi ndogo zilizokuwa zinategemea ujanja huo, huu ndio wakati wa kuhamia IMAP.

Kabla hujagusa simu hata moja

Chukua daftari au lahajedwali. Andika kila anwani ya ofisi, na mbele yake kila kifaa kinachoifungua: simu ya meneja, simu ya mhasibu, kompyuta ya mapokezi, laptopu iliyopelekwa nyumbani, tableti ya ghala. Uliza pia kuhusu vifaa ambavyo havitumiki siku hizi lakini bado vinawashwa. Anwani za pamoja kama info@ na mauzo@ ndizo zenye vifaa vingi kuliko mtu yeyote anavyokumbuka.

Kisha fungua kila programu uangalie mambo matatu: aina ya akaunti ni POP3 au IMAP, kama ni POP3, imewekwa kufuta barua kwenye seva lini (haifuti kamwe, baada ya siku saba, au ukiifuta kwenye kikasha), na barua ya zamani kuliko zote iliyomo ni ya tarehe gani.

Sasa ingia kwenye barua hiyo kupitia kivinjari, yaani webmail, na uangalie barua ya zamani kuliko zote iliyoko kwenye seva. Tofauti ya tarehe hizo mbili ndiyo hazina iliyo hatarini. Kama seva ina barua za wiki moja tu na simu ya meneja ina za tangu 2021, basi miaka yote hiyo iko ndani ya simu yake peke yake. Angalia pia zilizotumwa. Kwenye POP3, barua zote alizotuma kwa simu ziko kwenye simu hiyo tu, hata kama zilizoingia ziliachwa kwenye seva.

Jambo la kwanza la kubadilisha, kwenye kila kifaa, ni mpangilio wa kufuta: uweke kwenye "usifute kamwe kwenye seva". Fanya hivyo siku moja au mbili kabla ya kuhama. Ukiweka IMAP kwenye simu huku kompyuta moja bado inavuta kwa POP3 na kufuta, utapata tatizo linalowachanganya watu kuliko yote: arifa inalia, barua inaonekana kwenye simu, mtu anaweka simu mfukoni, dakika tano baadaye akifungua haipo. Hakuna aliyeifuta. Kompyuta ya mhasibu imeivuta na kuiondoa.

Kuokoa zilizoko kwenye kifaa

Kama barua za zamani ziko kwenye kompyuta, kazi ni rahisi. Weka programu ya barua ya Thunderbird au Outlook ya kompyuta, ongeza anwani ile ile kama akaunti mpya ya IMAP pembeni ya ile ya POP3, kisha kokota barua kutoka folda za zamani kwenda folda za akaunti mpya. Nenda kwa mafungu ya mia tano hivi, si elfu kumi kwa mara moja. Intaneti ikikatika katikati ya fungu kubwa hujui kipi kimepanda na kipi bado, na ukirudia unapata nakala mbili mbili. Nakili, usihamishe; ukishahakiki ndipo uondoe za zamani. Kumbuka kwamba hapa unapandisha data, na vifurushi vingi vya ofisi vina kasi ndogo ya kupandisha kuliko kushusha, kwa hiyo 4 GB za barua zinaweza kuchukua usiku mzima. Hakikisha kompyuta haijipumzishi yenyewe, na kama umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kukatika, iwe laptopu na ruta iwe kwenye betri ya akiba.

Angalia pia kama seva ina nafasi. Kisanduku cha cPanel chenye ukomo wa MB 500 hakiwezi kupokea barua za 4 GB, na kikijaa hata barua mpya za wateja zinaanza kurudishwa. Ongeza ukomo kwanza. Ukiwa unapandisha kwenye Gmail, Google inaruhusu MB 500 za kupandisha kwa IMAP kwa siku na MB 2,500 za kushusha. Ukivuka, akaunti husimamishwa kwa muda. 4 GB hapo ni kazi ya siku nane au tisa, si ya usiku mmoja.

Kama barua ziko kwenye simu tu, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu programu nyingi za simu haziwezi kukokota barua kutoka akaunti ya POP3 kwenda nyingine. Njia ya uhakika ni kuchagua zile zenye uzito, yaani mikataba, oda, vyeti vya afya vya samaki, ankara, na kuzituma tena kwenda anwani hiyo hiyo. Tarehe itakuwa ya leo, lakini tarehe ya asili itabaki ndani ya maandishi. Viambatisho hifadhi kwenye folda ya faili au Drive. Ni kazi ya kuchosha. Ifanyeni meneja akiwa amekaa nawe, kwa sababu yeye ndiye anayejua ipi ina thamani.

Kama unahama kutoka seva moja kwenda nyingine, si simu tu, usipitishe barua kwenye simu wala kompyuta ya ofisi. Kuna programu iitwayo imapsync inayonakili seva kwa seva. Iendeshe kwanza na chaguo la --dry, ambalo linaonyesha kitakachofanyika bila kunakili chochote, halafu ndipo iendeshe kweli. Ukiirudia, inaruka zilizokwishanakiliwa. Na siku mbili kabla, shusha TTL (muda ambao rekodi hukumbukwa mtandaoni) ya rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua za kikoa kwenye seva yake, hadi sekunde 300 ili mabadiliko yaenee haraka siku yenyewe.

Kuongeza akaunti mpya kwenye simu

Huwezi kuigeuza akaunti ya POP3 iwe IMAP. Kwenye programu zote inabidi uongeze akaunti mpya. Ushauri wetu ni kuiweka kwenye programu tofauti na ile ya zamani: kama POP3 iko kwenye Gmail au programu ya Samsung, weka IMAP kwenye Thunderbird ya Android au Outlook. Hivyo hakuna kuchanganya, na ya zamani inabaki kama ilivyo mpaka utakaporidhika.  Ila ujue kwamba Outlook ya simu inaweza kupitisha barua za IMAP kwenye seva za Microsoft kabla hazijafika kwenye simu. Kwa hospitali, au yeyote anayeshika taarifa binafsi za watu, hilo ni jambo la kupima chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Thunderbird inaongea na seva yako moja kwa moja.

Chagua kuweka mipangilio kwa mkono, kisha jaza hivi kwa seva ya cPanel:

Zinazoingia: aina IMAP, seva mail.kikoachako.co.tz; poti 993; usalama SSL/TLS; jina la mtumiaji ni anwani nzima, pamoja na @ na kikoa.

Zinazotoka: SMTP, njia ya kutuma barua; seva ile ile; poti 465 yenye SSL/TLS, au 587 yenye STARTTLS; weka alama kwamba seva inahitaji kuingia; jina na nenosiri vile vile.

Usitumie poti 143 wala 110 bila usalama, hata kama zinakubali. Nenosiri lingepita wazi kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya stendi. Poti 25 usiijaribu, kwani mitandao mingi huizuia.

Makosa ya kujaza ni machache na yanajirudia. Kibodi ya simu hupendekeza anwani, unaigusa, inaongeza nafasi tupu mwishoni usiyoiona, na seva inasema jina halipo. Au inageuza herufi ya kwanza ya nenosiri kuwa kubwa. Andika herufi kwa herufi na uwashe kile kijicho kinachoonyesha nenosiri. Kosa jingine ni kuweka jina bila kikoa: "mauzo" badala ya anwani kamili.

Simu ikilalamika kuhusu cheti cha usalama, usibonyeze "kubali vyeti vyote". Angalia kwanza tarehe na saa ya simu. Simu iliyozimika betri ikarudi na mwaka wa nyuma itakataa kila cheti duniani. Kama saa iko sawa, huenda cheti cha seva hakina jina mail.kikoachako.co.tz, muombe anayekukodisha seva akitoe upya, au akupe jina la seva lililomo kwenye cheti. Na kama ni simu yenye Android 7.0 au chini yake, sababu inaweza kuwa Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya seva nyingi: simu hizo hazitambui cheti chake kikuu kipya (mzizi), na cheti cha daraja kilichokuwa kinazisaidia kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2024. Hapo dawa ni simu nyingine, au mtoa huduma aweke cheti cha kampuni nyingine.

Kwa Google na Microsoft hakuna seva ya kujaza. Unaandika anwani, ukurasa wa kuingia unafunguka, unathibitisha hatua ya pili, basi. Tatizo la huku ni hiyo hatua ya pili. Ofisi nyingi zimeweka namba ya simu ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, na msimbo unamfuata yeye huko aliko. Badilisha namba kabla ya siku ya kuhama, weka programu ya misimbo, na uchapishe misimbo ya akiba. Google hutoa kumi yenye tarakimu nane. Ifungie kwenye kabati la ofisi. Jua pia kwamba tokeni ya Microsoft hufa isipotumika kwa siku 90. Tableti iliyokaa droo msimu mzima itadai kuingia upya, na hilo si hitilafu.

Folda, nakala mbili, na kufuta

Barua ya kwanza ikishaingia, tuma moja kwenda nje kisha angalia kwenye webmail imekaa folda gani. Seva moja huita folda ya zilizotumwa Sent, nyingine Sent Items, iPhone hupenda Sent Messages. Simu isipoelekezwa, inaunda folda yake, na ofisi inajikuta na folda tatu za zilizotumwa ambazo hakuna anayezielewa. Kwenye mipangilio ya akaunti, chini ya folda, elekeza zilizotumwa, rasimu na tupio kwenye zile zilizoko kwenye seva. Kama unatumia Gmail kupitia IMAP, Google huhifadhi nakala ya barua iliyotumwa yenyewe. Programu ikiongeza yake, kila barua inakuwa mbili. Huko pia zuia folda ya All Mail isionekane kwenye IMAP, la sivyo simu inashusha kila kitu mara ya pili na bando linakwisha kabla ya saa nne asubuhi.

Halafu kuna kufuta. Hapa inabidi ukae na watu uwaeleze, tena mmoja mmoja. Waliozoea POP3 wana tabia ya kusafisha simu ikijaa: wanachagua barua zote za mwezi uliopita na kufuta, kwa sababu walijua kompyuta ina nakala yake. Kwenye IMAP kufuta ni kufuta kwa wote. Mtu wa mauzo akisafisha info@ akiwa kwenye kivuko cha Kamanga, akifika upande wa pili na mtandao ukirudi, kikasha cha mapokezi mjini kinakuwa kitupu. Wafundishe kwamba nafasi kwenye simu inapunguzwa kwa kupunguza siku za kulandanisha, si kwa kufuta: weka siku 30 au hata 7, barua za zamani zibaki kwenye seva, na anayezihitaji azisake huko. Na muulize mtoa huduma anatunza nakala ya akiba ya siku ngapi, kwa sababu mtu atafuta tu siku moja.

Barua hazifiki mpaka nifungue

Ndilo lalamiko la wiki ya kwanza, na karibu kila mara seva haihusiki.

IMAP ina amri iitwayo IDLE: simu inaacha muunganisho wazi, na seva inaiarifu barua ikiingia. Muunganisho huo unapaswa kuhuishwa kila dakika 29 au chini, kwa sababu seva inaruhusiwa kuukata baada ya dakika 30 za ukimya. Mitandao ya simu mara nyingi hukata mapema zaidi. Thunderbird ina mahali pa kupunguza muda huo. Ushushe hadi dakika 12 kwa mfano, uone kama arifa zinakuwa za papo hapo. Kila unavyoupunguza betri inaliwa zaidi, kwa hiyo usiende chini bila sababu. ActiveSync nayo hutumia ombi refu linalongoja, na hujirekebisha yenyewe, lakini ruta au kizuizi cha mtandao cha ofisi kinachokata miunganisho tulivu baada ya dakika chache kitaiharibu. Dalili yake ni arifa kuja vizuri kwenye laini ya simu na kuchelewa ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi.

Programu ya Mail ya iPhone haitumii IDLE kwa akaunti za IMAP za kawaida. Huchota kwa ratiba, na haraka yake kubwa ni kila dakika 15. Zaidi ya hayo, ukiacha chaguo la kiotomatiki, huchota nyuma ya pazia pale tu simu inapokuwa kwenye chaji na Wi-Fi. Meneja anayetembea na simu mfukoni kutwa atadhani barua hazitumwi. Ingia mipangilio ya Mail, sehemu ya kuchota data, uweke dakika 15.

Kwa Android, tangu toleo la 6 la mwaka 2015 mfumo huzilaza programu simu ikitulia. Simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo zimejaa mjini hapa, zinaongeza ukali wao juu ya huo: kuna programu ya kusimamia simu inayoua kila kinachoendeshwa nyuma ili betri idumu. Fanya mambo matatu: kwenye mipangilio ya betri ya programu ya barua, ondoa vizuizi, ruhusu ijiwashe yenyewe, na kwenye orodha ya programu za hivi karibuni, ifunge kwa kufuli ili isifagiliwe. Kwa Samsung, itoe kwenye orodha ya programu zinazolala. Gmail na Outlook hazisumbuki sana kwa hili kwa sababu arifa zao hupita kwenye njia ya Google ambayo mfumo hauilazi.

Anayevuka kwenda Nansio, Ukerewe, au kisiwa kingine chochote, mkumbushe kwamba IMAP kwa kawaida hushusha kichwa na maandishi, si viambatisho. Afungue PDF zake akiwa bado bandarini. Na barua atakayoandika katikati ya maji itakaa kwenye kikasha cha kutoka; asiifunge programu kwa nguvu, aiache mpaka mtandao urudi.

Ofisi nzima inapofungiwa nje

Siku ya kuhama, ukishahakiki kwamba barua za zamani ziko kwenye seva, badilisha nenosiri la kila kisanduku. Hiyo ndiyo njia bora ya kukata vifaa vilivyosahaulika. Lakini ina tokeo lake. Kifaa kilichosahaulika hakinyamazi. Kinaendelea kujaribu nenosiri la zamani kila dakika chache. Seva za cPanel zina ulinzi uitwao cPHulk, na nyingine fail2ban, ambao huhesabu majaribio yaliyoshindwa na kuzuia anwani ya IP (namba ya muunganisho wa intaneti) yanakotoka. Simu na kompyuta zote za ofisi hutoka nje kwa IP moja. Kwa hiyo laptopu moja ya zamani iliyowashwa stoo inaweza kuwafungia nje watu kumi na wawili wenye nenosiri sahihi.

Dalili yake ni hii: wote wanakataliwa wakiwa kwenye Wi-Fi, lakini ukizima Wi-Fi na kutumia bando la simu, barua zinaingia mara moja. Ukiona hivyo, usibadilishe nenosiri tena, utaongeza vifaa vyenye nenosiri la zamani. Mpigie mtoa huduma, mpe IP ya ofisi, aifungue na akusomee kwenye kumbukumbu za seva ni anwani gani ya barua iliyokuwa inashindwa. Ukijua anwani, rudi kwenye daftari lako, tafuta kifaa.

Kuna ndugu wa tatizo hili anayefanana naye. Seva nyingi za IMAP hutumia programu ya Dovecot, ambayo kwa mpangilio wa awali inaruhusu miunganisho 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka IP moja. Simu moja hufungua miunganisho kadhaa, kwa folda tofauti. Info@ ikiwa kwenye simu nane za Wi-Fi moja, wa sita au wa saba anakataliwa, kisha anakubaliwa, kisha anakataliwa. Gmail nayo ina ukomo wa miunganisho 15 kwa akaunti. Dawa ni kupunguza folda zinazolandanishwa papo hapo hadi kikasha peke yake, au kumpa kila mtu anwani yake na kuipeleka info@ kwao kwa kuelekeza.

Kama zinaingia lakini hazitoki, karibu kila mara ni SMTP: alama ya "seva inahitaji kuingia" haikuwekwa, au nenosiri jipya liliwekwa upande wa zinazoingia tu. Programu nyingi huyatunza mahali pawili.

Anwani za watu na kalenda

IMAP haibebi hivi. Namba zilizohifadhiwa chini ya akaunti ya zamani zinaweza kuondoka nayo, kwa hiyo kabla ya kuiondoa toa nakala ya faili la .vcf kutoka programu ya anwani. Kwa kulandanisha anwani kuna CardDAV, na kwa kalenda kuna CalDAV. iPhone inazijua zote mbili bila msaada. Android inahitaji programu kama DAVx5. cPanel hutoa huduma hizo kwenye poti 2080. ActiveSync hubeba vyote yenyewe, lakini soma ruhusa inayoombwa: akaunti ya Exchange ikiwekwa kwenye programu ya simu yenyewe, msimamizi anaweza kupata uwezo wa kufuta simu nzima kwa mbali, picha za familia zikiwemo. Kwa wafanyakazi wanaotumia simu zao binafsi, weka Outlook, ambayo msimamizi hufuta data yake tu, na uwaambie mapema.

Kuiondoa ya zamani

Acha wiki mbili zipite. Katika muda huo akaunti ya POP3 ibaki kwenye simu ikiwa imewekwa isichukue barua yenyewe. Kisha, mbele ya mwenye simu, linganisheni: hesabu ya barua za kikasha, barua ya zamani kuliko zote, na barua tatu alizotuma mwaka jana azitafute kwenye webmail kwa jina la mteja. Zikipatikana, ondoa akaunti ya zamani. Zisipopatikana, rudini kwenye kuokoa, kwa sababu ukishaiondoa akaunti ya POP3 kwenye simu, barua zake zinafutika papo hapo na hakuna tupio la kuzirudisha. Ukimaliza simu zote, muombe mtoa huduma azime POP3 kwa kikoa chako kwenye seva, ili fundi mwingine asiiweke tena kwenye simu mpya ya mtu.